Kitabu cha ndege cha Sh2,800: bei ya kutupa au mtego?

Wasee, hebu leo tuongee pesa kidogo.

Wiki mbili zilizopita niliingia duka moja la vitabu hapa Diani. Sikuwa nanunua kitu, nilikuwa nakimbia jua tu. Kwenye rafu ya punguzo nikaona kitabu kinene cha kutambua ndege wa Afrika Mashariki, kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Sh4,000 imekatwa kwa kalamu nyekundu, chini yake wameandika Sh2,800. Moyo ukaruka. Kisha nikakumbuka M-Pesa ina Sh1,100 na bando inaisha Ijumaa.

Nikatoka mikono mitupu. Ila kitabu hakikunitoka kichwani, na sababu ni binamu yangu.

Binamu hutembeza wageni huku Msambweni na Diani. Mwezi uliopita mgeni mmoja alimwonyesha ndege mkubwa mwenye mdomo kama ndizi, katua juu ya mbuyu, akamuuliza ni ndege gani. Binamu akajibu, "Hondohondo." Mgeni akauliza, "Yupi?" Kimya. Mgeni akatoa kitabu kwenye begi, akamfungulia ukurasa: hondohondo wako wa aina nyingi. Yaani mtu kashuka kwenye ndege juzi, leo anamfundisha mtoto wa Msambweni ndege wa Msambweni. Binamu alinisimulia akicheka, lakini kile kicheko nakijua. Kinauma. Na anataka kufanya mtihani wa KPSGA wa waongoza watalii, ile ngazi ya shaba, kwa hivyo hili kwake si mchezo wa wikendi.

Basi nikajiuliza maswali ambayo nadhani kila mtu anafaa kujiuliza kabla kalamu nyekundu haijampumbaza.

Kwanza, kwa nini kimeshushwa bei? Nilirudi dukani nikafungua kurasa za mwanzo. Ni toleo la kwanza, la 2002. Toleo la pili lilitoka 2020. Kwa hivyo duka halijanipenda, linamaliza mzigo wa zamani. Je, ndege wamebadilika? Rangi zao ni zilezile. Kilichobadilika ni baadhi ya majina, aina ambazo wataalamu wamezigawanya, na ramani za wapi nani anaonekana. Kwa mtu anayeanza, hiyo si hasara ya kukukosesha usingizi. Kwa mtafiti ni hasara. Jijue wewe ni nani.

Pili, kinashughulikia unachokiona? Hapa ndipo wengi hupigwa. Kitabu hiki kina aina zaidi ya 1,300 za ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Ni ndege tu. Mbega wanaovuka barabara ya Diani kwa madaraja ya kamba hawamo. Palahala wa Shimba Hills, ambao Kenya nzima wamebaki pale pekee, hawamo. Kasa, pomboo wa Kisite, wala yule nyoka wa kijani uani kwenu ambaye hujui kama ni hongo mwenye sumu au ni masikini wa Mungu asiye na neno, wote hawamo. Ukitaka hao, bei ya vitabu inaanza upya.

Tatu, na najua ndilo mnalonipigia kelele: si kuna programu za bure? Kweli zipo. Merlin ya chuo kikuu cha Cornell, Marekani, hulipi hata shilingi. Unaipa picha au sauti ya ndege, inakuletea jina, na ukishapakua data ya eneo lako inafanya kazi hata bila mtandao. iNaturalist nayo inapokea mimea, wadudu na wanyama, na watu wengine wanakukosoa ukikosea. Ninazo zote mbili na nazipenda. Usiponunua kitabu, anza nazo leo.

Lakini sikutaka kubishana kinadharia. Mwalimu wangu wa zamani wa sayansi anacho kitabu hichohicho, nikakiazima Jumamosi moja, mimi na binamu tukaingia kwenye kile kipande cha msitu nyuma ya ufuo. Hondohondo watatu wakapita juu yetu. Nikapiga picha: madoa matatu meusi. Programu ikaniletea majibu ya kubahatisha. Binamu akafungua kitabu. Wote wakubwa wamechorwa pamoja, wakiruka, jinsi tulivyowaona. Mmoja ana mabawa meusi matupu na mgongo wa chini mweupe. Mwenzake ana ukingo mweupe nyuma ya bawa, na sauti yake ni kama mtoto mchanga analia. Tukanyamaza, tukasikiliza. Mtoto akalia juu ya mti. Binamu akaweka kidole kwenye picha, hakusema kitu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Simu hunipa jina moja, nami nalisahau kabla sijafika stejini kupanda matatu. Kitabu kiliniweka mbele ya ndege wanaofanana na kunilazimisha kuangalia wapi wanaachana. Nikiangalia hivyo mara tatu, sisahau. Pia hakina chaji ya kuisha, na simu yangu kwa habari ya nafasi ni kilio kitupu.

Kwa hivyo Sh2,800 inalipa? Msimamo wangu ni huu. Kama unaingia msituni mara moja kwa mwaka na shule, hapana, kula chipsi zako. Kama unataka kufanya kazi hii, au unatoka kila wiki, ndiyo, hata likiwa toleo la zamani. Ila usinunue peke yako. Sisi tulichanga wanne, kila mtu Sh700, na kitabu kinazunguka kwa wiki. Na kabla ya kulipa, kikunjue chote: hewa yetu ya chumvi inaleta ukungu, na kurasa zilizogandana ndizo mara nyingi zenye picha.

Kuna jambo moja ambalo punguzo halikulitatua. Nilipekua kurasa nzima za hondohondo, na jina la Kiswahili sikuliona. Kidigo ndiyo usiseme. Jioni nikamwonyesha bibi zile picha. Hakuvaa hata miwani. Niliiga ile sauti ya mtoto, akacheka, akanitajia jina la Kidigo ambalo sijawahi kulisikia maishani, na akanieleza siku hizi analia wapi na zamani alikuwa analia wapi.

Nimeliandika kwa penseli pembeni ya picha. Siliweki hapa bado, nataka niulize wazee wengine wawili kwanza nisije nikapotosha watu. Lakini sheria ya kitabu chetu sasa ni hiyo: yeyote ambaye ni zamu yake, akirudishe na jina moja la nyumbani pembeni ya ukurasa. Wewe kwenu hondohondo mnamwitaje? Muulize bibi yako kabla hujaniuliza mimi.