Kamba za viatu na tope la Kyela

Mhariri,

Masika ya Kyela hayana mchezo. Mito ya Kiwira na Mbaka ikifurika, maji huingia mashamba ya mpunga na njia za Ipinda hugeuka tope. Mtoto wa darasa la kwanza hufika shuleni fundo la kamba limelowa na kukaza, hata mwalimu hulifungua kwa ncha ya kalamu.

Viatu vya mkanda wa kunata, mkanda uliobuniwa na Mswisi George de Mestral na kupata hataza miaka ya 1950, huvalika haraka. Lakini tope likijaa kwenye vinyweleo vya mkanda huo, haushiki tena. Bizimu inafaa zaidi.

Shule zinazodai viatu vya kamba tu ziwaruhusu wadogo wavae vya bizimu, na siku za mafuriko yeboyebo, zinazosuuzwa na kukauka upesi. Kamba zisubiri darasa la nne.

Msomaji, Kyela