Nyumba za Mawe na Meko Yake



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: hoteli zilizo chini ya nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja. Baada ya sala ya alfajiri mtu huingia humo akapata mbaazi za nazi na maandazi ya moto, na Ijumaa akapata biriani. Hazina mapambo; ni mabenchi, meza, na karai la mafuta mlangoni. Walakini mimi naona zina kazi nyingine isiyotajwa, nayo ni kuzilinda nyumba zilizo juu yake zisianguke.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu za juu zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Chokaa hupumua: hunyonya unyevu wa masika, na jua likitoka huutoa. Adui wa nyumba ni maji yasiyo na pa kutokea. Paa likivuja pasipo mtu wa kuona, maji huifikia ncha ya boriti iliyozama ukutani, ncha ikaoza kimya kimya, na siku moja sakafu yashuka. Lakini pakiwa na mpishi chini, milango hufunguliwa kila alfajiri na upepo ukapita. Na tone moja likidondoka katika sufuria ya mchuzi, mwenye nyumba hupata habari kabla ya adhuhuri!

Si nyumba ndogo tu zilizo hatarini. Beit el-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilibaki imesimama baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti, 1896. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka, wakafa watu wawili. Basi maneno haya si ya kupendezesha macho tu.

Nami nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita ukuta wa madrasa ninayosomesha ulianza kumenyuka. Mzee mmoja akasema tutafute chokaa. Mimi nikashikilia saruji, kwa kuwa ni ngumu zaidi na kazi itakwisha kwa siku tatu. Ukuta ulipendeza hata Ramadhani ya pili. Kisha unyevu uliofungiwa ndani ukatafuta njia, chumvi ikatoka kama unga, na bamba la saruji lenye ukubwa wa mkeka likaanguka pale pale wanapokaa watoto wa juzuu ya Amma. Alhamdulillahi, ilikuwa usiku. Tukaibandua yote, tukarudi kwenye chokaa iliyolowekwa vizuri. Fundi aliyetufanyia kazi hiyo ni mzee sana, wala hana mwanafunzi hata mmoja. Vijana mnaotafuta kazi, mlangoni kwake hapana foleni.

Nyumba nyingi za mji huu ni wakfu, na nyingine zimegeuzwa nyumba za wageni, ambamo bei ya chai humshinda mchukuzi. Siwachukii wageni. Lakini hoteli ya mbaazi ikiondoka, huondoka na yule aliyekuwa akiitazama dari kila siku.

Ile niliyokuwa nikipelekwa na marehemu baba ingalipo. Juzi nilikaa hapo, nikaona darini, juu ya karai, alama mbichi ya maji. Nikamwonyesha mwenyewe. Akasema, "Maalim, nimeshamwambia wa juu mara mbili." Nikaacha chai yangu mezani, nikapanda ngazi kwenda kubisha hodi.