Kuajiriana si Kupatana

Msomaji, tuseme mtu amekupokonya mbuzi wako. Miaka ikapita, na siku moja akaja nyumbani kwako na uso wa bashasha, akasema: "Ndugu yangu, tusahau yaliyopita. Nimeazimia kukuajiri uwe mchungaji wa mbuzi wangu, na kazi hiyo nitakufunza barabara." Utamjibu nini? Yamkini una njaa, na ujira ni ujira, kazi utaipokea. Lakini je, mmepatana? Mimi nasema hamjapatana. Mmeajiriana tu, na kuajiriana si kupatana.

Mfano huu sikuutoa kwa mzaha. Huko Australia, tangu koloni la Waingereza lilipoanzishwa mwaka 1788, ardhi ya wenyeji wa asili ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Dhana hiyo haikutanguka hata tarehe 3 Juni, 1992, mahakama ya juu kabisa ilipotoa hukumu katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake. Leo makampuni ya nchi ile yanataka kushiriki katika upatanisho. Tangu mwaka 2006, chini ya uangalizi wa shirika liitwalo Reconciliation Australia, mabenki, migodi, maduka na mashirika ya ndege yameandika mipango yao. Humo huahidi kuajiri wenyeji, kuwafunza ufundi, na kununua bidhaa na huduma za wafanya biashara wao.

Wako wanaonung'unika kwamba huo ni upendeleo. Watu hao wana macho mepesi kuona upendeleo wa leo, na mazito kuona ule wa jana. Katika mwaka 2021, kwa kila wenyeji 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wapatao 56 tu ndio waliokuwa na kazi; kwa wananchi wengine walikuwa wapatao 78. Pengo hilo halikuletwa na uvivu. Lililetwa na watu kuondolewa kwenye ardhi yao, kunyimwa elimu, na kutumikishwa bila malipo ya haki. Mtu aliyefungwa miguu kwa muda mrefu, kisha akafunguliwa kamba, hapendelewi akishikwa mkono ili asimame.

Basi sishindani na ahadi hizo. Nashindana na wale wanaodhani kwamba zikitimizwa, deni limekwisha. Historia ya nchi ile yenyewe inawakanusha.

Tarehe 23 Agosti, 1966, katika shamba la ng'ombe la Wave Hill, mzee mmoja wa kabila la Gurindji, Vincent Lingiari, aliwaongoza wachunga ng'ombe, watumishi wa nyumbani na jamaa zao, watu wapatao 200, wakaliacha shamba. Shamba lilikuwa mali ya kampuni ya Vestey ya Uingereza, na wao walikuwa wakifanya kazi kwa posho ya chakula na ujira duni katika ardhi ya babu zao. Wengi walifikiri kwamba shauri lao ni nyongeza ya mshahara. Kumbe walichotaka zaidi ni ardhi yao. Walivumilia miaka tisa, hata mwezi wa Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipomimina udongo katika kiganja cha Lingiari, ishara ya kwamba sehemu ya nchi yao imerudi mikononi mwao. Watu wale walijua jambo ambalo matajiri wengi hawajalijua bado: mshahara hujaza tumbo, lakini haumrudishii mtu nafasi yake.

Tena, kazi inayotegemea hisani tu hufa hisani inapokufa. Katika mwaka huo huo wa 1966 iliamuliwa kwamba wachunga ng'ombe wa asili katika Northern Territory walipwe sawasawa na Wazungu, na amri ikaanza kutumika Desemba 1968. Haki ilikuja, lakini haikuja na mamlaka. Katika miaka iliyofuata wengi walipoteza kazi, na jamaa zao wakaondoka katika mashamba walimozaliwa. Waliohesabiwa kuwa hodari walipokuwa rahisi, walionekana hawafai walipokuwa ghali.

Ukisema hayo ni ya kale, nitakupeleka mwaka 2020. Kampuni ya migodi ya Rio Tinto ilikuwa na mpango wake wa upatanisho, nayo ilikuwa mmoja wa waajiri wakubwa wa wenyeji. Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka huo, ikitafuta madini ya chuma, ililipua kwa baruti mapango ya Juukan Gorge, ambayo watu waliyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita. Wenyewe, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wameomba yaachwe. Sheria ya jimbo iliiruhusu kampuni. Ahadi zake hazikuizuia. Ni kweli kwamba baadaye Reconciliation Australia iliisimamisha kampuni ile katika mpango wake, na mkuu wa kampuni akaacha cheo. Lakini pango halishonwi kama nguo iliyochanika. Ajira ilikuwapo, mafunzo yalikuwapo, karatasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni sauti inayoweza kusema "hapana" ikasikilizwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia kampuni yo yote ikijisifu kwamba imepatana na wenyeji wa mahali fulani, usiulize tu imeajiri wangapi. Uliza wanafanya kazi gani, na kama aliyeingia na ufagio aweza siku moja kuketi penye meza ya kuamua. Uliza kama mafunzo yanampa mtu ufundi wa kumfaa hata kampuni ikiondoka. Uliza kama inanunua kwao kama wafanya biashara wenzi, au inawajua kama watumishi tu. Mwisho uliza swali lililo zito kuliko yote: je, wakikataa, kampuni itasimama?

Huenda kesho wewe ukawa mwenye kuajiri, au mwenye kuajiriwa katika nchi ya baba zako. Katika hali zote mbili ukumbuke mbuzi wetu. Aliyemtwaa akitaka suluhu, na amlipe mchungaji ujira wake kamili. Kisha wakae chini, wazungumze habari ya mbuzi.