Ngoma ya Shiva na Waliyoicheza

Juma hili tunaomba tuitazame ngoma takatifu ya Wahindu, kwa ile heshima ambayo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1965, katika tamko la Nostra Aetate, kuwa nayo kwa yaliyo kweli na matakatifu katika dini nyingine.

Wengi wetu tumekwisha kuiona, walau pichani, sanamu ya Shiva akicheza ndani ya duara la moto. Huitwa Nataraja, yaani Mfalme wa Ngoma, na mafundi wa Kitamili wa enzi ya wafalme Wachola, kusini mwa India, waliisubu kwa ustadi wa ajabu. Tuisome polepole. Mikono ni minne. Wa kulia wa nyuma umeshika kigoma kidogo, ambacho mlio wake ni mwanzo wa viumbe. (Kiswahili chetu, kwa bahati njema, huita chombo na uchezaji kwa neno moja.) Wa kushoto wa nyuma umebeba mwali unaoteketeza ulimwengu uliochakaa. Kiganja cha kulia cha mbele kimeinuliwa: usiogope. Mkono wa nne huelekeza vidole kwenye mguu wa kushoto ulionyanyuliwa, na hapo ndipo mwamini anapopata kimbilio. Mguu wa kulia unamkanyaga kijitu Apasmara, ambaye ndiye ujinga wenyewe. Hauawi, anakandamizwa tu, na ngoma inaendelea.

Huko Chidambaram, katika jimbo la Tamil Nadu, Shiva huabudiwa hasa kwa sura hii, na malango ya hekalu yamechongwa mikao 108 ya ngoma.

Hata hivyo tuna neno la kulalamika. Wengi wanaozisifu ishara hizi huisahau miili iliyozibeba. Kwa karne nyingi ngoma ya mahekalu ya kusini ilitunzwa na wanawake walioitwa devadasi, watumishi wa mungu, ambao waliwekwa wakfu wangali wadogo. Wako waliokuwa wasomi na wenye mali. Wako pia waliotumiwa vibaya na wenye nguvu. Daktari Muthulakshmi Reddy aliwapigania wasichana hao, na sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikapiga marufuku kuwaweka wakfu. Sheria hiyo tunaiona kuwa ya haki, kwa maana mtoto hana budi kuachiwa maisha yake. Lakini vita hivyo viliandamana na dharau: mama aliyecheza mbele ya mungu wake akahesabiwa kahaba, huku ngoma ile ile, kwa jina jipya la Bharatanatyam, ikipandishwa majukwaani na mabinti wa koo za juu. Rukmini Devi, aliyeanzisha shule ya Kalakshetra mwaka 1936, aliipunguzia mambo ya mahaba aliyoyaona hayafai. Kazi yake ni kubwa, wala hatuibezi. Ila hapo tunaona alikata mzizi.

Balasaraswati, mzaliwa wa ukoo wa devadasi, alilikataa jambo hilo waziwazi. Kwake mahaba katika ngoma yalikuwa ndiyo ibada yenyewe, nafsi ikimtamani Mungu kama bibi amngojavyo mpenzi wake. Sisi tunaosoma Wimbo Ulio Bora hatuna sababu ya kushangaa. Alicheza hivyo India, Ulaya na Marekani, akamrithisha binti yake Lakshmi, hadi alipofariki mwaka 1984.