Wasio na mituweli si wazembe

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Kigali. Nikitembelea nyumba za Nyamirambo husikia watu wakisema: "Asiye na mituweli hajali afya yake." Mimi sikubaliani nao.

Mituweli ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tatu, kisha ikaenea nchi nzima. Mwaka 2011 serikali iliacha kiwango kimoja kwa wote, ikaweka faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu kwa mwaka, kulingana na hali ya familia. Maskini kabisa walilipiwa. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini mchango huhesabiwa kwa kichwa, na mwaka wa mituweli huanza Julai.

Jirani yangu mmoja ni mama anayeuza nyanya. Nyumbani kwake wako saba. Kwa faranga 3,000 kila mmoja, zilikuwa 21,000. Mwenye mshahara aweza kuzitenga mwisho wa mwezi. Mama huyu hupata pesa ya siku, na siku hiyo hiyo inaliwa. Alisubiri mpaka mtoto akashikwa na malaria, ndipo akakopa. Je, huo ni uzembe?

Na sisi wakimbizi? Mwaka 2019 wakimbizi wa mjini waliingizwa katika mituweli, UNHCR ikalipa mchango. Wengi tulidhani shida imekwisha. Lakini hospitalini mgonjwa hulipa asilimia 10 ya bili. Bili ya 80,000 humwachia 8,000, mbali na nauli. Kibarua atazitoa wapi siku hiyo? Ndiyo sababu wengine wana kadi na bado wanachelewa kwenda kutibiwa.

Maoni yangu ni haya. Tusingojee Julai, wala tusingojee ugonjwa. Majirani zetu Wanyarwanda wana ibimina, vikundi vya kuweka akiba. Familia ya watu saba ikiweka faranga 450 kila wiki, kwa wiki 48 inapata 21,600. Kwa mkimbizi aliyelipiwa mchango, sanduku hilo hilo litamsaidia kulipa ile asilimia 10.

Nanyi wahudumu wenzangu, kabla ya kumlaumu mtu, muulizeni: mko wangapi nyumbani, na pesa huingiaje? Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima tuanze leo.