Gari Likibadilishwa, Dhamana Yabaki kwa Nani?



Wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Isha, alitujia barazani mama mmoja wa mtaa wetu pamoja na mwanawe. Kijana huyo huchukua samaki kutoka Kilifi hadi Mombasa kwa pikapu iliyonunuliwa mpya. Sehemu ya fedha ilitokana na dhahabu za mama, na sehemu ni mkopo ambao bado unalipwa. Mwaka wa pili haujamalizika, na difu ya nyuma imevunjika. Waliowauzia gari wamekataa kuitengeneza, wakisema kwamba dhamana imeanguka kwa kuwa gari limebadilishwa.

"Sheikh," mama akasema, "karatasi imeandikwa miaka 3 au kilomita 100,000. Gari halijafika hata nusu ya kilomita hizo. Hii si dhulma?"

Tukamwuliza kijana ni kitu gani kilichobadilishwa. Alinyamaza kidogo, kisha akataja: gari limeinuliwa, limevishwa tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, na springi za nyuma zimeongezwa majani ili libebe mzigo zaidi. Mwisho akatuuliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuishike kalamu: "Nikirudisha tairi na springi za kwanza, kisha nikalipeleka kwenye tawi lao jingine, pana ubaya gani?"

Tuanze na maana ya dhamana yenyewe, au waranti kama wauzaji waitavyo. Dhamana si ahadi kwamba gari halitaharibika. Ni ahadi kwamba chombo, kikiwa katika hali kilivyoundwa, hakina aibu iliyotoka nayo kiwandani. Na aibu hiyo ikidhihiri ndani ya muda au masafa yaliyotajwa, mtengenezaji ataiondoa kwa gharama yake. Mwenye gari akikibadilisha chombo hicho, haielekei kwamba ahadi yote ifutike, lakini haiwezi kumfuata hadi mahali palipoharibiwa na mkono wake mwenyewe.

Wanafunzi wa fiqhi hawataliona jambo hili kuwa geni. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyenunua kitu akakuta ndani yake aibu ya tangu kilipokuwa kwa mwuzaji ana khiyari ya kukirudisha. Lakini aibu nyingine ikizuka mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha mwuzaji akipokee. Hapo hutazamwa masikilizano na fidia. Aibu ya zamani haisahauliwi, wala ile mpya haifumbiwi macho. Kila mmoja hubeba iliyo yake.

Basi swali la haki katika mzozo kama huu si kama gari limebadilishwa au la, bali ni kama badiliko hilo ndilo lililoleta uharibifu. Tairi kubwa huitaka difu, ekseli na breki zifanye kazi nzito kuliko ile zilizopimiwa. Gari likiinuliwa, shafti zake huzunguka kwa pembe isiyokusudiwa, na viungio vyake huchakaa upesi. Anayebadilisha programu ya kompyuta ya injini ili apate kasi huipelekea giaboksi nguvu ambayo haikuundiwa. Taa za ziada na spika zilizofungwa kwa kukata nyaya ovyo huweza kuzichoma nyaya hizo, na pengine gari zima.

Tena tairi kubwa huidanganya saa ya mwendo. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, dereva anayesoma 100 huwa kwa hakika anakwenda 110, na kilomita zinazoandikwa huwa pungufu ya zile zilizosafiriwa. Mama yule hakujua kwamba hata hesabu ya kilomita aliyokuwa akiitegemea haikuwa sahihi tena.

Kwa upande wa pili, spika hazivunji difu, na springi ndefu hazizuii kioo cha mlango kupanda. Twasema haya kwa sababu tulipodadisi zaidi, tulifahamu kwamba kioo cha dereva kilikuwa kimekwama kwa miezi miwili, na wauzaji walikataa hicho nacho kwa neno lile lile moja, kwamba gari limebadilishwa. Hapo mama alikuwa na haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu mwuzaji kuwa ameahidi ubora huo. Kukataa kila kitu kwa sababu ya kitu kimoja ni jambo la kuhojiwa.

Kijana alitueleza kwamba ameona katika simu yake watu wakisema kampuni haiwezi kabisa kuivunja dhamana kwa sababu ya mabadiliko. Waliosema hivyo walikuwa Wamarekani. Kwao iko sheria ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri vya jina lake pekee. Sheria hiyo haitawali Kenya. Na hata huko Marekani, kilichoharibiwa na badiliko lenyewe hakilindwi.

Yapo pia mabadiliko yasiyotokana na matakwa ya mwenye gari. Mkopeshaji huenda akashurutisha kifaa cha kufuatilia gari, nacho huunganishwa na nyaya za umeme. Gari la abiria hulazimika kisheria kuwa na kidhibiti mwendo. Mwenye gari jipya asidhani kwamba kwa kuwa amelazimishwa, basi dhamana haitaguswa. Na awaulize waliomuuzia, kabla fundi hajakata waya hata mmoja, ni nani anayeruhusiwa kukifunga kifaa hicho, na jibu alipate kwa maandishi.

Ama magari mengi yaliyo barabarani kwetu, yaliyoshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani yakiwa yameshatumika, aghalabu dhamana ya kiwandani haikuja nayo. Mwenye gari la namna hiyo hana waranti ya kupoteza, lakini ana bima. Badiliko kubwa lisiloelezwa kwa kampuni ya bima au takaful laweza kuwa sababu ya madai kukataliwa siku ya ajali. Na badiliko la rangi, injini au umbo la gari lapaswa kupelekwa kwa NTSA ili kumbukumbu za gari zilingane na gari lenyewe.

Kwa hivyo, ndugu zetu, kabla ya kukabidhi gari kwa fundi, someni kitabu cha dhamana, hasa ukurasa unaotaja yasiyolindwa. Ombeni idhini kwa barua. Hifadhini vipuri vya kwanza, na risiti za kila huduma, zenye tarehe na kilomita. Na madai yakikataliwa, msigombane kaunta. Ombeni sababu kwa maandishi, na muulize badiliko lipi limeleta uharibifu upi.

Sasa turejee kwa swali la kijana. Tulimjibu kwamba ubaya upo. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kuna unyevu, alimkaripia mwuzaji kwa kuuficha. Watu hudhani kisa kile ni cha wauzaji peke yao. Mnunuzi anayevua tairi usiku ili asubuhi adai ana unyevu wake anaouficha.

Kijana aliinamisha kichwa. Mama ndiye aliyesema, "Basi tuandikieni barua ya kweli." Tukaiandika pamoja. Ndani yake tulikiri tairi, springi na kuinuliwa kwa gari, hatukudai difu, tukadai kioo. Baada ya siku tisa kioo kilitengenezwa bila malipo. Difu wameinunua wenyewe, na kijana ameongeza safari za usiku ili mkopo usichelewe. Tairi za kiwandani amezirudisha, mchana, mbele ya watu. Dhahabu za mama bado hazijarudi.

Gharama ile ilikuwa nzito, na tulimwona mama akizihesabu noti mara mbili kabla ya kuzitoa. Lau swali la barazani lingeulizwa mwaka uliotangulia, kabla ya kwenda kwa fundi, huenda lingemalizwa kwa barua ya ukurasa mmoja.

Wabillahi tawfiq.