Picha Zilizokuwa na Msimulizi

Msomaji mpenzi, bila shaka unakumbuka jinsi nyanya alivyokuwa akikatiza hadithi palepale zimwi linapobisha mlango, eti usiku umekuwa mwingi, nendeni mkalale. Usingizi ungetoka wapi? Juma hili hebu tuvuke bahari hadi Bara Hindi, tukamwone mfalme aliyependa utamu wa aina hiyo.

Huyo ni Akbar, wa ukoo wa Wamoguli, aliyekalia kiti cha enzi mwaka 1556 akiwa kijana wa miaka 13. Alikuwa na kawaida ya kusomewa vitabu kila siku. Katika miaka ya 1560 aliamuru visa vya Hamza, ami yake Mtume Muhammad, vichorwe. Si historia hiyo. Ni ngano zilizojaa majitu, majasusi na mazimwi. Kazi ilisimamiwa na mabingwa kutoka Uajemi, Mir Sayyid Ali kisha Abd al-Samad. Ilichukua takriban miaka 15, zikapatikana picha zipatazo 1,400.

Zilichorwa juu ya kitambaa cha pamba, na nyuma yake yakabandikwa maneno ya kisa kwa Kiajemi. Mmoja alisoma, wengine wakatazama. Mchoraji naye alijua pa kukatiza. Katika picha moja, mwanamfalme Nur al-Dahr angali baharini, Nabii Ilyas ndio kwanza anamwokoa. Kwingine nyumba huchorwa kama isiyo na ukuta wa mbele, ukaona ya ndani na ya nje kwa mara moja, kama msimulizi anavyokupitisha mlangoni bila kubisha.

Lakini dunia haina huruma. Mwaka 1881, Mwingereza Caspar Purdon Clarke alizikuta baadhi mjini Srinagar, Kashmir, zikiziba madirisha! Leo hazifiki 200. Nyingi zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, yakiwemo ya London na Vienna. Rangi zingali zinang'aa, ila sauti ya msomaji haipo.

Nawe mzazi, nyumbani kwako picha zimejaa tele, kwenye runinga na kwenye simu. Je, sauti ni ya nani? Jioni ya leo toa picha moja ya zamani kabatini, waketishe watoto, uwaeleze yule ni nani na siku ile kulitokea nini. Kisha ukatize palipo patamu. Kesho watakufuata wenyewe.

Tukutane Jumapili ijayo.